Mbwa Ana Kazi, na Kazi Yenyewe Ni Mimi

Nisogezee hilo kreti nikae. Sikai sana. Ikigonga saa moja na nusu nachukuliwa. Na nani? Ndiyo stori yenyewe hiyo. Agiza soda, usinikimbize. Nimekimbizwa vya kutosha nyumbani.

Ilianzia kazini. Bosi wetu mmoja, Mwingereza, mkataba ulimwishia. Akaanza kugawa vitu. Wenzangu wakawahi. Mmoja kachukua friji. Mwingine kachukua godoro la springi. Mlinzi wa getini kapata mashine ya kukatia nyasi, na kwake hakuna hata unyasi mmoja. Mimi siku hiyo nilitumwa benki. Foleni, mtandao uko chini, foleni tena. Narudi, nyumba nyeupe. Kabaki mbwa.

Mweusi na mweupe, manyoya kama sweta la mitumba, sikio moja limesimama, jingine limelala. Bosi analia. Mke wa bosi analia. Wananiambia huyu ni mbwa wa familia, anapenda watoto, ana akili sana, jina lake Moss. Nikapewa na filimbi na karatasi ya maelekezo. Mimi na Kiingereza changu cha ofisini nikajibu "no problem". Maneno mawili. Ndiyo yaliyonifikisha kwenye hili kreti.

Watoto wakamwita Mosi. Nikaona safi, jina la Kiswahili. Sikujua kumbe ni cheo. Leo ukihesabu pale kwangu Njiro, Mosi ndiye wa kwanza, wa pili mama watoto, wanafuata watoto watatu, halafu kuku. Mimi niko nyuma ya kuku, na hapo rufaa ya jogoo bado haijasikilizwa.

Sasa usinione mshamba. Mbwa nawajua, nimekua nao. Mbwa anaitwa Simba au Tomi. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, anakula ugali na dagaa, mwizi akija anabweka halafu anajificha. Basi. Humwiti ndani. Humpi mkono. Mnaishi miaka kumi hamjawahi kutazamana usoni, na mnaheshimiana.

Huyu anatazama. Anashusha kichwa mpaka usawa wa mabega, anainua mguu mmoja, anaganda, anakukazia macho kama mtu wa mikopo ya kausha damu. Nakula, ananitazama. Naingia chooni, natoka, yuko palepale. Habweki. Heri angebweka! Siku ya tatu nikashindwa, nikaungama mbele ya watu wote mezani: ndiyo, zile nyama mbili zilizopotea jikoni nilikula mimi. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu. Anasoma kila kitu isipokuwa kinachotoka kwenye mtihani. Akanieleza. "Baba, huyu ni Border Collie. Ni mbwa wa kuchunga kondoo, asili yake mpakani mwa England na Scotland. Hayo macho ndiyo kazi yake. Kondoo akikaziwa macho hivyo, anasogea mwenyewe."

Nikauliza, sasa hapa kwetu kondoo yuko wapi?

Binti akanitazama. Mbwa akanitazama. Nikaacha kuuliza.

Na ukoo wao una historia, si mchezo. Wanaye babu yao mmoja, Old Hemp, kazaliwa 1893 huko Northumberland, kaskazini kabisa mwa England. Karibu Border Collie wote wa leo wanarudi kwake. Kaishi miaka isiyofika hata minane, kafa 1901, kaacha watoto zaidi ya mia mbili. Mimi na watoto watatu kila Januari naikimbia ada. Hata mashindano ya mbwa wa kuchunga wanayo tangu zamani, yale ya Bala kule Wales yalifanyika 1873. Yaani wakati babu yake Mosi anatafutiwa wachumba kwa sifa za kazi, ukoo wetu sisi hakuna anayekumbuka nani alikuwa anafanya nini.

Mshkaji mmoja hapa kijiweni, simtaji, anacheka pale kwenye kona, akanishauri: mbwa mwenye nguvu dawa yake ni kumchosha. Nikasema sawa. Saa kumi na moja alfajiri, giza, baridi ya Meru inakata masikio, mimi na Mosi barabarani. Kamba mkononi. Nasema kamba mkononi, lakini ukweli mimi ndiye niliyefungwa. Yeye akiona bodaboda anaona kondoo mwenye kelele. Anataka amzungukie amrudishe kundini. Akiona bajaji, hivyohivyo. Akiona daladala, anaona kondoo mnene. Madereva wa boda wakanizoea. "Mzee, mbwa anakupeleka wapi?" Nawajibu hajaniambia.

Mwezi mzima. Asubuhi saa nzima, jioni saa nzima. Mwisho wa mwezi mbwa kapata pumzi ya Olimpiki, mimi nimepata goti. Tukirudi nyumbani mimi naanguka kwenye kochi, yeye ananiletea kiatu. Anauliza raundi ya pili saa ngapi. Na akikosa raundi ya pili anajitafutia. Kafumua mto wa kochi. Kachimba shimo pale kwenye maua, ungedhani tunatafuta tanzanaiti. Kawapanga kuku mstari mmoja kando ya ukuta, wakasimama hivyo kutwa nzima, siku hiyo hawakutaga.

Binti akaja tena na elimu yake. "Baba, mbio peke yake zinamjengea pumzi tu. Kinachomchosha ni kutumia akili. Huyu asipopewa kazi, anajiajiri."

Kuhusu akili nikamwambia ukweli: mwanangu, hapo mimi sina cha kumsaidia.

Kujiajiri kwenyewe tukakuona siku ya bethdei ya kitindamimba. Watoto wa mtaa kumi na wanne. Keki mezani, muziki, puto. Watoto wanakimbia, unajua watoto wakinywa soda. Mama watoto kaniambia, wewe kazi yako ni moja, angalia watoto. Nikaingia ndani dakika moja kutafuta kiberiti cha mshumaa. Dakika moja, naapa.

Natoka, kimya.

Jamani, ogopa kimya cha watoto kumi na wanne. Natazama uwanjani, hakuna mtu. Kiatu kimoja na puto. Natazama kona ya ukuta, pale kati ya simtanki na banda la kuku. Wote wako pale. Wamebanana kama abiria wa daladala jioni. Hakuna anayelia, hakuna aliyeng'atwa, hata kuguswa hajaguswa mtu. Mosi kalala kifudifudi mbele yao, kidevu chini, macho juu. Mtoto mmoja mwenye shati la njano akapeleka mguu mbele, taratibu, kama anapima maji ya mtoni. Mosi hakuinuka. Akahamisha macho tu. Mtoto akarudisha mguu.

Nikaenda kuwaokoa, mimi si baba mwenye nyumba? Nikapita mbele ya mbwa kwa hatua za kibabe, nikafika pale, nikasema watoto twendeni. Nikageuka. Mosi kasogea hatua moja kulia. Nikajaribu kushoto. Kasogea kushoto. Wakawa kumi na watano.

Keki niliila palepale. Mama watoto aliikata mezani akaja kutugawia kwenye sahani za karatasi, mimi wa mwisho, nimeshikwa suruali na mtoto wa watu anayeniuliza, "Anko, na wewe umefanya nini?" Wazazi walipokuja kuchukua watoto wao wakasifia. Mmoja akauliza hiyo nidhamu tumeajiri mwalimu kutoka wapi.

Lakini siku haikuishia hapo. Jirani yangu Alhaji kaja kumchukua mjukuu wake. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi, inang'aa. Mosi kuona mtu kasimama peke yake nje ya kundi, roho ikamuuma. Akamzungukia kwa nyuma, akamsukuma na pua. Pua yenyewe mbichi.

Kesho yake asubuhi niko uani kwa Alhaji na beseni. Kwa mafundisho anayoyafuata yeye, hapo ni kuosha mara saba, na moja iwe kwa udongo. Sina ubishi, kosa ni langu, udongo nilibeba mwenyewe kwenye kopo la rangi. Yeye kakaa kwenye kigoda anahesabu kwa vidole. Kufika ya tano akapigiwa simu na mwanawe aliyeko Muscat. Wakaongea. Wakasalimiana ukoo mzima. Akakata simu, akanitazama. "Tulifika ya ngapi, baba?" Mimi kwa woga nikasema sijui, Alhaji. Tukaanza upya.

Halafu zikaja kupe. Mtaani kwetu mbwa akiwa na kupe au upele hakuna majadiliano, anachomwa ile sindano ya ng'ombe, aivamektini, maisha yanaendelea. Nikaenda duka la dawa za mifugo kifua mbele, nikataja dawa kama msomi. Bahati daktari wa mifugo alikuwa amesimama pale. Akauliza mbwa gani. Nikamwambia ni koli. Akanishika mkono. "Mzee, usithubutu." Akaeleza kwamba mbwa wa jamii hiyo ya collie baadhi yao wanarithi hitilafu kwenye jini inaitwa MDR1. Kwa mbwa wengine dawa hiyo inazuiwa isifike kwenye ubongo. Kwa wenye hitilafu inapita, na dozi ile kubwa ya kukisia inaweza kumuua. Akanipa dawa nyingine. Nikamshukuru. Nikamuuliza, kwa kujali afya yangu, na je, dawa hiyo ikinirukia mimi ubongoni? Akanitazama kidogo. Akasema, "Wewe usiwe na wasiwasi." Duka zima likacheka. Mpaka leo natafuta kilichochekesha.

Sasa tuje kwenye mbuzi. Naona mnaanza kutabasamu, kumbe habari mlishaipata.

Jumapili moja nikaona huko kwenye uwanja wa wazi kijana wa Kimasai anapita na mbuzi. Nikapata wazo, na mimi nikipata wazo kaa mbali. Nikasema leo mbwa apate kazi ya fani yake, amalize hamu, mimi nilale. Bosi kwenye ile karatasi aliandika amri tatu. Ya kwanza "come bye", mbwa analizunguka kundi kwa kufuata mshale wa saa. Ya pili "away", analizunguka kinyume. Ya tatu ya kumwambia basi, acha, rudi. Nikasoma mbili za mwanzo. Ya tatu nikasema nitaisoma kesho.

Nikafungua kamba. Nikapaza sauti: "Come bye!" Kwa Kiingereza changu, maana yake ni njoo na kwaheri.

Aise! Mbwa hakukimbia, alimwagika. Kapiga duara kubwa kama mtu anazunguka shamba la urithi, kajishusha chini, tumbo linagusa nyasi. Mbuzi wakainua vichwa. Wakakusanyika. Wakanigeukia mimi. Wakaanza kuja. Sasa hilo bosi hakuandika, au ameandika upande wa pili: mbwa hawa wana tabia ya kuzaliwa nayo, wanakusanya mifugo na kumletea mwenye mbwa. Mimi nikarudi nyuma. Mbuzi wakasogea. Nikarudi tena. Wakasogea tena. Nikarukia amri ya pili, "Away!" Kazunguka upande mwingine, wakaja kwa kasi zaidi. Nikatafuta ya tatu kichwani. Hakuna kitu. Nikasema stop. Nikasema sorry. Nikasema tafadhali. Nikatimua mbio.

Nyie, mtu mzima, ndala mkononi, nyuma yake mbuzi thelathini na mmoja, nyuma ya mbuzi mbwa anafurahia maisha, nyuma ya mbwa kijana wa Kimasai na fimbo anapiga kelele. Nikaingia getini kwangu. Nikasahau kufunga. Wote wakaingia. Mchicha wa mama watoto ulikwisha kabla sijapata pumzi. Wakahamia kwenye kamba ya nguo.

Ofisi ya serikali ya mtaa nilifika nikiwa na tope mpaka magotini. Mwenyekiti kavua miwani. Akanyoosha maelezo taratibu: "Kwa hiyo wewe ulikuwa mbele unakimbia kwenda kwako. Mbuzi wa mtu wanakufuata. Mbwa wako yuko nyuma anawaswaga. Geti lako liko wazi. Hili tendo, mzee mwenzangu, kwa Kiswahili cha kawaida tunaliitaje?"

Nikasema, mheshimiwa, huyu mbwa ni wa familia.

Kilichoniokoa ni baba yake yule kijana. Mzee mtulivu, shuka limemkaa, kamtazama Mosi muda mrefu, kacheka. "Kwetu mbwa kazi yake ni kubweka fisi akija. Kuchunga ni kazi ya mtoto. Huyu wa kwako ni mbwa au ni mtoto?" Halafu akapiga mluzi mmoja mfupi tu, wa kwake, hajasoma karatasi yoyote. Mosi akalala chini papo hapo. Miezi minne nakaa naye, sijawahi kumlaza. Mzee akasema yuko tayari kumchukua, anitoe na mbuzi wawili. Watoto wakaanza kulia. Nikalipa kreti la soda, nikaomba radhi, nikarudi na mbwa. Njiani mbwa kanitangulia. Aliona aibu kutembea na mimi.

Baada ya hapo binti akashika usukani. Alisoma habari za Chaser, Border Collie wa Marekani, mali ya profesa mstaafu wa saikolojia, John Pilley. Profesa alimfundisha majina ya midoli 1,022, kila mmoja jina lake, kwa miaka mitatu, utafiti ukachapishwa 2011. Elfu moja na ishirini na mbili! Mimi majina ya shemeji zangu bado nawaita "wewe, aah". Kuna na mtaalamu mwingine, Stanley Coren, mwaka 1994 kaandika kitabu akapanga mbwa kwa akili za utii, hawa wakashika namba moja. Kwamba mbwa wa daraja la juu amri mpya anaielewa ikirudiwa chini ya mara tano. Mama watoto aliposikia hapo akaweka mwiko chini. Akasema, "Chini ya mara tano. Na mimi namwambia mtu asiache ndala mlangoni, huu mwaka wa kumi na sita."

Kwetu midoli hakuna. Wakaanza na vitu vya ndani. Kila jioni, nusu saa. Ndala. Ufagio. Kikombe cha bati. Mwiko. Kitindamimba ndiye mwalimu, ana chaki na kila kitu. Na kweli, nawaambia, nyumba ikatulia. Mosi nusu saa ya majina inamchosha kuliko masaa yangu mawili ya goti. Mito ya kochi ikapona. Kuku wakarudi kutaga. Mimi nikikaa kwenye kochi nasema "Mosi, rimoti", rimoti inakuja, ina mate kidogo, lakini inakuja. Nikatamba hapa kijiweni, mtakumbuka. Nikasema nimefuga mtumishi.

Sikuuliza orodha imefika wapi.

Ijumaa iliyopita nipo hapahapa. Drafti. Nimebakiza kete mbili nimfunge huyu bwana kwa mara ya kwanza mwaka huu. Saa moja na nusu. Ghafla naona watu wameacha kucheka. Nikasikia joto la macho kwenye kisogo. Nageuka, yuko pale chini ya taa ya genge. Kichwa usawa wa mabega. Mguu mmoja juu.

Nikajifanya simjui. Akasogea. Nikainua kete, mkono unatetemeka. Akasogea. Sikuambiwa kitu, jamani, nilisimama mwenyewe! Nikajaribu kupenya kushoto kwa muuza chipsi, kashaziba. Kulia kwa fundi viatu, kashaziba. Njia moja tu imebaki wazi, ya nyumbani. Mtu mzima nikaswagwa mtaa mzima, pua mbichi kwenye shavu la mguu kila nikipunguza mwendo. Madereva wa boda wakapisha. Mmoja akavua kofia.

Pale kwenye kona ya kwetu kasimama mama watoto, amejifunga kanga, filimbi ya bosi shingoni, mkono kiunoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Inatosha, Mosi." Mbwa akaniachia palepale.

Kumbe hiyo ndiyo amri ya tatu. Alishaisoma, akaitafsiri, akaifanyia na mazoezi.

Ndani nikaomba kuona daftari la kitindamimba. Vitu arobaini na saba, kwa mwandiko wa darasa la kwanza. Namba arobaini na sita, rimoti. Namba arobaini na saba, Baba. Nikauliza, mwanangu, mbona niko nyuma ya rimoti? Akasema, "Rimoti alishika siku moja. Wewe ulimsumbua, alikuwa akienda kukutafuta anarudi na jogoo."

Usiku huo Mosi kalala kama mtu aliyepokea mshahara. Hakuzunguka, hakunitazama, kakoroma. Nikamwangalia muda mrefu, zamu yangu. Nikawaza, huyu kiumbe hakuwa na matatizo. Alikuwa hana ajira tu. Sasa anayo, ya kudumu, na mzigo mwenyewe unatembea, hauhitaji kubebwa.

Ndiyo hivyo. Sasa hivi ni saa ngapi?

Hee, mbona mmenyamaza? Wewe, mbona umeweka chupa chini? Basi, usinioneshe, nishajua. Kete zangu ziacheni kama zilivyo. Soda nilipieni. Msiniage kwa nguvu, hapendi kundi lipige kelele.